Majina 12 Kwenye Fomu



Haya ni maneno niliyozungumza na vijana wetu hapa Moi's Bridge Jumamosi iliyopita baada ya Alasiri. Wengi mlikuwa shambani au kazini, mkaniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu vile vile nilivyosema, kwa hivyo mkiona naruka hapa na pale, nivumilieni.

Nianze na msichana mmoja. Jina lake silitaji, na hata ukidhani unamjua, acha hapo hapo. Alikuwa katika lile kundi la kwanza la watoto wa mtaala mpya waliofanya KJSEA mwaka 2025, na alifanya vizuri. Mama yake anauza mitumba siku ya soko, baba yake ni mtu wa boda. Desemba majibu ya nafasi yakatoka: amepangiwa shule ya bweni, kaunti ambayo hakuna mtu wa nyumba yao amewahi kukanyaga. Ada ya mwaka ni shilingi 53,554. Muhula wa kwanza unatakiwa kulipa nusu, yaani 26,777, na hapo bado hujanunua godoro, sanduku, sare, viatu, wala hujahesabu nauli ya watu wawili kwenda na mmoja kurudi. Januari ikafika, wenzake wakaondoka. Yeye akabaki nyumbani akipika na kulea wadogo zake.

Nikamuuliza, "Hii shule iliingiaje kwenye fomu yako?"

Akasema, "Niliandika tu. Tuliambiwa tujaze kumi na mbili."

Niliandika tu. Hayo ndiyo yaliyonitoa nyumbani leo, kwa sababu nimeyasikia tena na tena, kwa watoto na kwa wazazi wao.

Hebu tuelewane kwanza hiyo fomu ni nini, maana wengi wenu mlifanya KCPE na hamjui mambo yalivyobadilika. KCPE ya mwisho ilikuwa 2023. Sasa mtoto anamaliza Gredi ya 9, anafanya KJSEA, halafu anaingia Gredi ya 10 katika shule ya upili ya juu. Kabla ya mtihani anachagua mkondo: STEM, Sayansi ya Jamii, au Sanaa na Michezo. Ndani ya mkondo anachagua masomo matatu ya kwenda pamoja. Halafu ndiyo anaandika shule 12: tisa za bweni na tatu za kutwa. Za bweni, tatu ziwe ndani ya kaunti yake na sita nje. Za kutwa ziwe kwenye kaunti ndogo anakoishi. Shule zenyewe zimepangwa kwa makundi, C1 mpaka C4. C1 ndizo zile tulizokuwa tukiziita za kitaifa, na C4 ni zile za hapa karibu, za kutwa.

Alama za kupangiwa hazitoki kwenye KJSEA peke yake. KJSEA ni asilimia 60, KPSEA ile ya Gredi ya 6 ni 20, na tathmini za shuleni ni 20. Kwa hivyo yule mdogo wako wa Gredi ya 6 unayemwambia "huo si mtihani wa maana," acha kumdanganya.

Kundi la kwanza lilijaza mwezi Juni 2025. Watahiniwa walikuwa zaidi ya milioni 1.1. Nafasi zilipotangazwa Desemba, wakapewa siku chache za kuomba kubadilishiwa. Waliomba zaidi ya 355,000. Waliokubaliwa ni kama 211,000, na wengine karibu 144,000 wakaambiwa huko mnakotaka kumejaa. Yaani karibu mtoto mmoja kati ya kila watatu aliletewa shule akasema, "Hapana, hii siyo." Na hao ni wale waliojua kwamba kuna dirisha la kuomba, wakampata mwalimu mkuu wiki ya Krismasi, na simu ikawa na bando. Yule msichana wetu hakujua. Alipokuja kuniuliza, dirisha lilikuwa limefungwa.

Mimi siwalaumu watoto. Mtoto wa miaka 15 anajua shule gani? Anajua zile zilizotangazwa kwenye televisheni zikiongoza KCSE, na zile ambazo basi lake hupita likipiga honi mjini. Mzazi wake naye anajua ya jirani iliyofungwa kwa mgomo. Wanaochagua vizuri ni wale wenye mjomba mwalimu, shangazi aliyesoma huko, na baba anayeweza kupanda gari akaende kuangalia bweni kwa macho yake. Wengine tunaandika majina kama mtu anayecheza bahati nasibu. Kisha tunaliita chaguo.

Sasa angalieni mji wetu ulivyokaa. Moi's Bridge iko Uasin Gishu, lakini tumekaa kwenye kona. Ukitembea kidogo upande mmoja uko Likuyani, hiyo ni Kakamega. Ukishika njia ya Kitale uko Trans Nzoia. Watu wanavuka kila siku kununua na kuuza, kuoa na kuzika. Mahindi hayaulizi kaunti. Lakini fomu inauliza. Kijana anaweza kuwa anaishi dakika ishirini kwa mguu kutoka shule nzuri ya kutwa, ila shule yenyewe iko ng'ambo ya mpaka, na zile za kaunti ndogo yake ziko mbali mpaka apande pikipiki asubuhi na jioni. Hesabu nauli ya siku tano kwa wiki, wiki baada ya wiki. Hapo ile "kutwa ni bure" imeanza kuwa na bei.

Na kwa wasichana umbali una maana nyingine hapa kwetu. Sitaki kurudia habari za 2021 mbele ya watu, kuna familia hapa bado zina kidonda. Mnajua watoto wetu wa kike waliopotea na jinsi walivyopatikana. Tangu wakati huo mama wa Moi's Bridge akisikia "shule ya kutwa, kilomita tano," hafikirii masomo kwanza. Anafikiria ile njia ya katikati ya mahindi saa kumi na mbili na nusu jioni. Ukimwambia mama huyo anaogopa bure, wewe ndiye hujui mji huu. Kwa hivyo bweni kwake ni ukuta na askari wa langoni kabla ya kuwa sifa ya kujivunia. Nawaambia hivi ili tukienda kuzungumza na wazazi tusianze kwa kuwahukumu.

Lakini kuna upande mwingine, na hapa naomba mnisikilize sana kwa sababu sisi wenyewe tumo.

Mimi niliingia darasa la kwanza 2004. Mwaka ule ule, pale Eldoret, shule ya msingi ya Kapkenduiywo, mzee Kimani Maruge alikaa kwenye dawati la darasa la kwanza akiwa na miaka 84, na sare yake ya kaptula. Dunia nzima ilimuona. Elimu ya msingi ilikuwa imefanywa bure Januari 2003, na ndani ya mwaka mmoja wanafunzi wa shule za msingi nchini walitoka kama milioni 5.9 wakafika kama milioni 7.2. Zaidi ya milioni moja waliokuwa nje waliingia. Alhamdulillah, mimi ni mmoja wa waliofaidika. Nyumbani tulikuwa wengi, na bila hiyo 2003 nisingekuwa nasimama hapa na diploma yangu.

Ila darasani tulikuwa zaidi ya themanini. Dawati moja watu wanne, wa pembeni anakaa nusu. Mwalimu akimaliza kusahihisha vitabu vya safu ya mbele, kengele imelia. Nilipofika darasa la tano wenzangu wakaanza kupotea. Mtoto wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, kwaheri. Mtoto wa daktari wa mifugo, kwaheri. Watoto wa walimu wetu wenyewe nao wakaonekana asubuhi kwenye basi la akademia, wakitupungia mkono. Hilo la walimu lilinichoma, sitadanganya. Mtu anapika chakula halafu yeye hakili.

Nilikuja kuelewa baadaye kilichopotea hasa. Wale watoto walikuwa marafiki, sawa, lakini waliondoka na baba zao. Mwenye duka ndiye aliyekuwa akisimama kwenye mkutano wa wazazi anauliza, "Mwalimu mkuu, ile pesa ya paa iko wapi?" Daktari wa mifugo ndiye aliyekuwa akisoma karatasi ya hesabu mpaka mwisho. Walipohama, mkutano ukabaki na mama zetu, ambao wakiambiwa "karatasi iko hapa, kuna swali?" walinyamaza, wakatia sahihi, wakarudi sokoni. Shule haikupoteza ada, kwa sababu ada haikuwepo. Ilipoteza watu wa kuuliza.

Na jambo hili halikuanza 2003. Mji huu uliitwa Hoey's Bridge kwa jina la mlowezi, na enzi hizo shule za Kenya zilikuwa za rangi: za Wazungu, za Wahindi, na za Waafrika. Uhuru ulipokuja rangi ikafutwa, lakini zile shule nzuri za mijini zikabaki na karo ya juu, na karo ikafanya kazi ile ile ya kuchuja. Baada ya 2003 akademia zikaichukua kazi hiyo. Zilichukua nafasi nyingi sana za shule za kitaifa, ambazo zilikuwa 18 tu nchi nzima, mpaka 2011 serikali ikaweka mgao ili watoto wa shule za umma wapate sehemu kulingana na wingi wao. Wenye shule za kibinafsi wakaenda mahakamani. Nakumbuka wazee wakibishana kuhusu mgao huo kwenye kibanda cha chai, na anayeupinga kwa nguvu kuliko wote alikuwa na watoto watatu akademia. Sikumlaumu. Ningekuwa na pesa yake labda ningefanya vile vile.

Wala si Kenya peke yake. Chile walianza mwaka 1981 kutoa pesa ya serikali imfuate mtoto kwenye shule ya umma au ya kibinafsi, popote mzazi atakapo. Waliokuwa na uwezo kidogo wakahama, na shule za manispaa zikazidi kubaki na maskini. Mwaka 2006 wanafunzi wa sekondari, watoto wa umri wa wadogo zenu, waliingia barabarani kwa malaki kudai serikali irudi kwenye shule za umma.

Huku kwetu pia pesa inamfuata mtoto, ndani ya shule za umma. Kila mwanafunzi wa sekondari ya umma amewekewa shilingi 22,244 kwa mwaka. Mnajua hata hiyo haifiki yote: Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba inayotoka ni kama 16,900. Sasa chukueni shule mbili. Moja ina wanafunzi 600, nyingine, ya kutwa hapa karibu, ina 150. Kwa hiyo 16,900, ya kwanza inapata zaidi ya milioni 10. Ya pili inapata milioni 2 na nusu. Mlinzi ni mmoja kila upande, stima ni ile ile, na maabara inahitaji gesi ile ile. Walimu nao hupangwa kwa kufuata idadi ya madarasa. Kwa hivyo shule ndogo haiwezi kutoa masomo mengi. Mtoto anayetaka Fizikia anaambiwa hatuna mwalimu, anahama. Akihama, pesa yake inahama naye, na mwaka unaofuata anakosekana mwalimu wa Kemia.

Sisi tunasema, "Ile shule haina kitu." Kweli haina. Sehemu ya sababu ni kwamba tulipitia mbele yake na masanduku yetu kichwani.

Simwambii mtu amtoe mtoto wake kafara ili shule ya kijiji ipone. Kama umepata C1 na karo ipo, nenda, usome, Allah akufungulie. Ninachosema ni kwamba zile nafasi tatu za kutwa mwisho wa fomu, ambazo wengi mnazijaza bila hata kutazama, ndizo zitakazowapokea wengi wetu pesa ikikosekana Januari. Zijazeni kana kwamba ndiko mnakokwenda. Msichana wetu aliziandika zile tatu kwa kunakili za mwenzake aliyeketi mbele. Mwenzake anaishi upande mwingine kabisa wa kaunti ndogo.

Nije kwenye lile mlilonitumia kwa WhatsApp, hijabu na IRE. Shule nyingi za umma huku zina wafadhili ambao ni makanisa. Hilo si kosa. Walijenga wakati sisi hatukujenga, na tuwe wakweli. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 34, inasema shule isimbague mtoto katika kumpokea, na dini imetajwa humo. Kupokelewa ni haki yako. Mavazi ni habari nyingine. Ile kesi ya shule ya Isiolo, Mahakama ya Rufaa iliruhusu hijabu 2016, kisha Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaondoa uamuzi huo kwa sababu ya jinsi dai lilivyoletwa. Kwa hivyo mpaka leo mengi yanategemea kanuni za shule yenyewe. Basi uliza Mei, usiulize Januari ukiwa umesimama langoni na sanduku. Piga simu, au mtume kaka aende: wasichana wanaruhusiwa kujifunika? Ijumaa inakuwaje? Ramadhani bwenini daku inapatikana? IRE ina mwalimu, au imeandikwa tu kwenye orodha? Na Kiarabu vivyo hivyo. Kuna kijana hapa aliyechagua masomo yake kwa sababu ya IRE, akafika akakuta somo lipo kwenye karatasi na hakuna wa kulifundisha. Amebadilishiwa akapewa Jiografia. Anaipenda, wallahi, lakini hakuichagua.

Na wazazi wanaosema, "Basi tujenge za kwetu," ni sawa, jengeni. Lakini hesabuni watoto wa Kiislamu wa mji huu, kisha hesabuni wangapi wanaweza kulipa karo ya shule ya kibinafsi. Waliobaki wote wako shule ya umma, leo na kesho. Huko ndiko tunakotakiwa kuwa na mtu kwenye chama cha wazazi na kwenye bodi ya usimamizi. Juzi niliuliza baba kumi na wawili nje ya msikiti nani amehudhuria mkutano wa wazazi mwaka huu. Waliinua mkono wawili. Mmoja alikuwa ameitwa kwa sababu mwanawe alipigana.

Nyinyi ambao mmemaliza Fomu Four na mko nyumbani mnangoja kazi au chuo, nawahitaji. Mnajua simu, mnajua kusoma orodha, na mna lugha ambayo mdogo wako ataisikia kuliko ya mwalimu. Kuna watoto wa Gredi ya 9 hapa Moi's Bridge na Matunda ambao watajaza fomu mwaka huu, na baba zao muda huo watakuwa shambani wanapalilia. Mahindi hayajawa pesa bado mwezi huo, na Januari iko mbali, kwa hivyo kila shule inaonekana rahisi. Kaa na mzazi umuulize swali gumu kwa adabu: "Mzee, Januari, baada ya kuuza mahindi na kulipa deni la mbolea, kutabaki ngapi?" Hiyo namba iandikeni juu ya karatasi kabla ya jina la shule yoyote.

Tumeanza na kitu kidogo. Daftari moja. Tunaandika kila shule ya kutwa iliyo karibu, upande wetu na ng'ambo ya mpaka: wanafunzi wangapi, masomo gani yana mwalimu kweli, chakula cha mchana shilingi ngapi, pikipiki kutoka steji shilingi ngapi, na wasichana wanafika nyumbani saa ngapi. Shule saba tumezifikia. Wawili kati ya walimu wakuu walitutazama kama wapelelezi, na mmoja akatupa chai na kutuomba tumletee wanafunzi.

Kuhusu yule msichana: alienda shule ya kutwa mwezi wa pili. Haikuwa kwenye zile 12 zake. Mama yake alizunguka ofisi kwa siku nne mpaka akapokelewa. Anatembea na wenzake wawili, na mmoja wa vijana wetu wa boda huwachukua jioni mvua ikinyesha, bila malipo, Allah amjaze kheri. Alitaka STEM. Shule ina Baiolojia, na mwalimu wa Kemia wanaahidiwa.

Jumamosi ijayo tunakutana tena hapa hapa baada ya Alasiri. Mwenye mdogo wake wa Gredi ya 9 aje naye, na mzazi kama anaweza. Kompyuta ninayo, bando nitanunua. Anayejua shule za upande wa Likuyani aje mapema, hizo kurasa za daftari bado ni nyeupe.